Wikiendi chini ya ukuta wa Wolf Creek, Ziwa Cumberland siku kwa siku

IJUMAA

Tumetoka Lexington jioni, mi nimetoka shifti ghalani sijala wala nini, mama watoto keshapakia kila kitu kwenye gari, magodoro ya upepo, masufuria, mkaa, kuku wameshalala na viungo tangu jana, na jirani zetu wa Uvira wameshajaa kwenye vani yao, Papa, Mama na watoto wao. Wanaoijua Lexington wanajua, Waswahili tumejaa, wengi ndugu zetu wa Kongo waliopitia makambi ya Tanzania, Burundi na Uganda kabla ya kuletwa huku Kentucky, kwaiyo mtu unaweza kumaliza siku nzima na Kiswahili chako na hakuna anayekushangaa. Jumatatu ni sikukuu ya wafanyakazi ya Wamarekani, wao ndo wanaiweka mwanzoni mwa Septemba, na baada ya hapo watu wanaanza kufungia maboti yao. Tukasema twende Ziwa Cumberland, kusini mwa Kentucky, kabla baridi haijaingia.

Kuanzia Danville njia ni moja tu, US 127, unapita Hustonville, Liberty, barabara inajikunja kunja kati ya mashamba na ng'ombe, giza likishaingia huoni kitu zaidi ya taa za pikapu zinazovuta maboti. Ukivuka Liberty unaelekea Russell Springs simu inarudi nyuma saa moja yenyewe, maana Russell County wanatumia saa za kati na sisi Lexington tuko saa za mashariki. Watoto wakashangilia eti wameongezewa saa ya kucheza.

Sasa kambi yenyewe, Kendall, iko chini ya bwawa. Sio karibu na bwawa jamani, CHINI, kwenye ukingo wa mto pale maji yanapotokea. Mama watoto alivyoona ule ukuta na taa zake juu yetu akanigeukia, "Yaani umezunguka Kentucky nzima ukaona tulale chini ya bwawa?" Nikamwambia mama, pana vyoo visafi na bafu la maji moto. Hakunijibu, akaanza kutoa mahema, na mimi najua ule ukimya maana yake nini.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto mzima wakati uku juu bado joto, unatoka jasho. Papa akavua kiatu akatia mguu mtoni, akautoa haraka kama aliyekanyaga moto. Maji ya hapa yanavutwa kutoka ziwani chini sana, kule ambako jua halifiki, yanapita kwenye tabaini yanatoka hivohivo na baridi yake, Agosti na Septemba hayabadiliki. Kuna mabango kila hatua chache yanaonya maji yanaweza kupanda ghafla. Na kweli, tukiwa tumeshajilaza king'ora kikalia, kirefu, watoto wote wakaamka. Nikamsikia Papa kutoka hema la pili, "Jirani, ile kitu iko inalia juu ya nini? Tukimbiye?" Nikamwambia lala Papa, wanawasha mitambo ya umeme, ndo wanaonya walioko mtoni watoke. Kimya kidogo. Alafu sauti ya Mama, "Na siku ile itapasuka, watalia ile ile ao ingine?"

Swali zuri kusema kweli, na mi sikuwa na jibu saa zile.

JUMAMOSI

Asubuhi baada ya chai na chapati za jana tukapanda juu kuliangalia vizuri. Wolf Creek Dam, mto Cumberland, mali ya serikali, linaendeshwa na wahandisi wa jeshi la Marekani. Urefu kutoka mwanzo hadi mwisho futi 5,736, yaani karibu kilomita moja na robo tatu, kwenda juu futi 258 ambazo ni kama mita 79. Ukiliangalia unaona ni mabwawa mawili yameunganishwa, upande mmoja zege lenye mageti kumi makubwa na nyumba ya mitambo sita ya umeme, megawati 270, na upande wa pili, ambao ndo mrefu zaidi, ni tuta la udongo lililoshindiliwa na kuoteshwa nyasi. Barabara ile ile ya 127 inapita juu yake, malori na maboti yanavuka kama daraja la kawaida. Ikanikumbusha Mtera, basi la Iringa kwenda Dodoma linavyopita juu ya ukuta na abiria wote wanageukia upande wa maji.

Lile zege halina maneno mengi. Kesi yote iko kwenye tuta la udongo na kilicho chini yake.

Historia kwa kifupi. Bunge liliidhinisha mwaka 1938 kwa ajili ya kuzuia mafuriko, mwaka mmoja tu baada ya yale mafuriko makubwa ya 1937 yaliyozamisha miji ya bonde la mto Ohio, na Cumberland ni mtoto wa Ohio. Ujenzi ukaanza 1941, vita ikausimamisha, wakarudi baada ya vita na kumaliza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shida ni kwamba nchi hii yote ya kusini mwa Kentucky imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na chokaa na maji ni maadui wa miaka mingi, maji yanaila taratibu yanatengeneza mapango, mifereji, nyufa, ndo maana Kentucky ina mapango yanayojulikana dunia nzima. Wajenzi walipochimba msingi wakakutana na mapango, wakaamua kuchimba mfereji kufuata lile pango wakaujaza udongo wa mfinyanzi. Kuta za mfereji zilikuwa za mkato na nyingine zinaning'inia, udongo kwenye pembe kama zile hata ushindilie vipi haukamati sawasawa. Na mapango mengine ya pembeni yalikuwa na matope ya asili ndani yake, yakaachwa.

Kikaa hivohivo miaka kumi na kitu. Mwaka 1967 na 1968 maji ya chini ya bwawa yakaanza kutoka na tope, na ardhi ikatitia karibu na mguu wa tuta. Hapa nataka nielezee maana wengi tunadhani bwawa linabomoka kwa kusukumwa na uzito wa maji hadi linaanguka kifudifudi. La udongo mara nyingi linaliwa kutoka ndani. Maji ya ziwa yanatafuta njia kwenye nyufa za mwamba chini ya tuta, yakiipata yanaanza kubeba chembe za udongo moja moja, kwenye njia ya kutokea unaona maji machafu tu kidogo, lakini kule ndani tundu linakua linarudi nyuma kuelekea ziwani, na jinsi linavyokua ndivyo maji yanavyopata kasi na kubeba zaidi. Siku tundu linaungana na ziwa hakuna tena wa kulizuia, paa la tundu linadondoka, tuta linaketi, na kila kitu kilichoko chini kinaondoka. Kwaiyo maji masafi yanayovuja wanaweza kuyavumilia, maji ya tope ndo yanawatoa kitandani.

Wakasukuma simenti ya majimaji kwa presha kwenye mwamba, kazi ya dharura kuanzia 1968 hadi 1970, na inaaminika hiyo ndo iliyoliokoa. Kisha 1975 hadi 1979 wakazamisha ukuta wa zege ndani ya tuta. Ukatuliza mambo, lakini haukwenda chini vya kutosha na haukuwa mrefu vya kutosha, maji yakajifunza kuzunguka. Kufikia 2007 bwawa likawekwa kundi la kwanza, la mabwawa yenye hatari inayohitaji hatua za haraka, na Januari ya mwaka huo wakashusha ziwa hadi futi 680 kutoka usawa wa bahari wakati kawaida ya kiangazi ni 723. Yaani mita 13 za maji zimeondolewa kwenye ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 160!

Tukamkuta mzee mmoja wa Kizungu amekaa kwenye kiti cha kukunja anavua trauti chini huku, kofia imefifia hata maandishi hayasomeki, akatuambia mwaka ule rampu za kushushia boti ziliishia kwenye matope, ukisimama mwisho wa zege unayaona maji kule mbali. Wenye marina, zile bandari ndogo za maboti, wakavuta magati yao kufuata maji kama wafugaji. Pwani zilizoachwa wazi zikaota vichaka hadi miti. Hasira yake haikuwa kwa wahandisi, ilikuwa kwa televisheni, anasema walivyotangaza watu wa Ohio na Indiana wakadhani ziwa limekauka wakaacha kuja, wakati hata kwa 680 lilikuwa bado ziwa kubwa kuliko mengi. "Hawakuua bwawa, waliua biashara," ndo maneno yake, nimeyatia Kiswahili. Mi namwelewa lakini pia najiuliza, we ungekuwa unakaa Burkesville, mji ulioko mtoni uku chini, ungetaka watangaze kwa kunong'ona?

Ukuta wa pili ndo kazi iliyonishangaza. Walikata kutoka juu ya tuta kushuka hadi kwenye mwamba mzima, kuna sehemu umefika futi 275 kwenda chini, kwa kutoboa mashimo yanayoingiliana na kujaza zege moja baada ya jingine, urefu wa kama futi 4,000. Tena waliifanya ziwa likiwa na maji nyuma yake. Mradi mzima uligharimu kama dola milioni 594 na ukuta ukakamilika Machi 2013. Watu wakasubiri maji yarudi, kumbe kuna kisamaki kidogo cha aina iliyo hatarini kupotea, duskytail darter, kimeonekana kwenye mkono wa mto kule juu, maji yakaachwa futi 705 mwaka ule, hadi 2014 ndo wakaruhusiwa kujaza. Wenye hoteli sijui walimwombea nini yule samaki.

Ukitembea chini ya tuta leo kitu cha kwanza unakiona ni nyasi. Zimekatwa fupi zote sawa, hakuna mti hata mmoja, hakuna kichaka. Mizizi inafungua njia ya maji, lakini zaidi ya hapo ni kwamba nyasi fupi hazifichi kitu, sehemu ikilowa bila mvua mkaguzi anaiona, mnyama akichimba anaonekana. Na kuna vibomba vidogo vya chuma vimechomoza ardhini na vifuniko na namba zake, hivo ni vya kupimia presha ya maji ndani ya udongo. Mwanangu wa kike akataka kufungua kimoja, nikamwambia, mama, hiyo ndo mashine ya presha ya mgonjwa, iache.

Mchana tukaenda kituo cha kutotolesha samaki, Wolf Creek National Fish Hatchery, kiko jirani na kambi, kinatumia yale yale maji baridi ya ziwa. Trauti wa kila saizi kwenye mabirika marefu ya zege, watoto wanarusha chakula maji yanachemka samaki. Bure kabisa. Mama wa jirani akauliza kama wanauza, akaambiwa hapana, wanapelekwa mitoni kwa ajili ya wavuvi wenye leseni. Akasikitika sana kwa sauti.

JUMAPILI

Ziwani sasa. Tulikodi pontuni kwenye marina moja upande wa Jamestown, lile boti bapa lenye kizimba na viti kama sebule, bei imechangamka kwa sababu ya sikukuu lakini mkigawana familia mbili inalipika. Kabla ya kuondoka yule dada wa kaunta akasoma kile kibao cha idadi ya watu, akahesabu vichwa vyetu, kisha akahesabu laifujaketi. Sheria ya Kentucky mtoto wa chini ya miaka 12 lazima aivae boti ikiwa inatembea. Sisi wakubwa tumeambiwa ziwepo tu. Mama watoto akasema kwenye boti hii anavaa kila mtu, akamtazama Papa ambaye amezaliwa kando ya Tanganyika na anajisifu kuogelea, Papa akavaa bila neno.

Alikuwa na haki mama watoto. Hili ziwa ni bonde lililozamishwa, kwaiyo ufuo wake ni ubavu wa mlima, hakuna ule mchanga wa kuingia taratibu hadi magoti, hadi kiuno. Unakanyaga jiwe, unakanyaga jiwe la pili, la tatu halipo. Tulisimamisha boti kwenye kighuba, dogo wa jirani akaruka, akajaribu kusimama mita mbili kutoka kwenye mwamba na mguu haukugusa kitu. Akatoka anacheka lakini macho yalikuwa yamebadilika. Sehemu kama hizi ndo watu wanapotea, tena vijana wenye nguvu zao wamekunywa bia mbili tatu, mita mia moja tu kutoka ufuoni. Nikapiga hesabu kichwani, ukuta ule uliogharimu mamilioni umechunguzwa kila inchi, na uku juu mtu anapona au anazama kwa jaketi ambalo wanakuazima bure pale kwenye rampu za boti, yamening'inizwa tu uchukue urudishe.

Alafu hausiboti. Sijawahi kuona vitu kama vile, nyumba za ghorofa mbili zinazotembea juu ya maji, juu pana bembea ya kuteleza na beseni la maji moto, nyuma jiko la nyama, muziki wa kantri unakuja kabla ya nyumba yenyewe. Nyingi zimetengenezwa huku huku, Monticello na Somerset, watu wa hapa wanajiita makao makuu ya hausiboti duniani. Nzuri, ila zina jenereta ya kuendesha eyakondishna, na zile za zamani moshi unatokea nyuma, chini ya lile jukwaa ambako watoto wanaogelea. Sumu yake ni ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, haina harufu, mtu anasinzia majini. Tukaona watoto wa watu wanacheza nyuma ya moja inanguruma, Papa akawapungia mikono na kuonyesha bomba, baba yao akainua bia akidhani tunasalimia. Tukapiga honi hadi akaelewa, akazima.

Kwenye kingo unaona mstari, chini mwamba mtupu, juu ndo msitu unaanza. Papa akauliza kwanini hawajazi hadi kwenye miti. Nikamwelezea, nafasi kati ya futi 723 na 760 wanaiacha tupu makusudi, hiyo ndo kazi ya bwawa, kupokea mafuriko ya masika yasishuke kwa watu mara moja. Vuli wanateremsha tena ili mvua za baridi zikute nafasi. Februari 2019 mvua zilipokolea ziwa lilipanda hadi kupita futi 756, rekodi tangu lijengwe, rampu na vibanda vyote vikaingia majini, na ule ukuta mpya ndo ukapata mtihani wake wa kwanza wa maana. Ulishika. Na bado bwawa lina mipaka yake, Mei 2010 Nashville ilizama maana mvua kubwa ilishukia kule Tennessee, chini ya bwawa, wakati hili liko zaidi ya kilomita 400 juu kwa njia ya mto, lingefanya nini zaidi ya kushikilia maji yake yasiongeze balaa.

Papa akakaa kimya kidogo. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira usiku na kubeba mitaa, ndugu zake walikuwemo. "Sisi hatukuwa na mutu ya kupima," akasema, "mulima ilileta maji na mawe, basi." Mama akampa kipande cha kuku, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya hausiboti.

JUMATATU

Tumevunja kambi mapema, ukungu bado uko mtoni. King'ora kililia tena tukiwa tunakunja mahema na safari hii hakuna aliyeuliza, ila nilimwona Mama ameacha kazi anautazama mto. Dakika chache mawe yaliyokuwa kavu yakafunikwa, jamaa waliokuwa wanavua na mabuti marefu wakatoka mmoja mmoja bila haraka, isipokuwa mmoja aliyekuwa katikati kabisa, yeye alitoka kwa haraka.

Hatukurudi na njia ile ile. Tulivuka juu ya bwawa, tukashuka Albany, tukachukua barabara ya 90 kupita Monticello hadi Burnside. Burnside ya zamani iko chini ya maji, ilibidi mji uhamishiwe mlimani bwawa lilipokuwa linajengwa, saivi kwenye daraja unaangalia ziwa zuri la bluu na mapontuni na chini yake kulikuwa na reli, maduka, mitaa ya watu. Sikuona bango kubwa la kulieleza hilo, au labda foleni ilinizuia kuangalia, maana kila mwenye boti Kentucky na Ohio alikuwa anarudi nyumbani kwa US 27 saa hiyo hiyo.

Kwa wanaotaka kwenda. Kendall inajaa miezi kabla kwa wikiendi za sikukuu, buku mapema mtandaoni. Ratiba ya kuwasha mitambo ya Wolf Creek unaipata kwenye programu ya simu ya TVA, shirika la umeme la serikali, iangalie kabla hujaingia mtoni na watoto, na uikague tena mchana kwa sababu inabadilika. Nunua mkaa Lexington, uku bei imepaa. Leseni ya uvuvi ni ya lazima ukiwa na miaka 16 kwenda juu, na kama unataka kubaki na trauti kuna kibali chake cha kuongezea, askari wa wanyamapori wanapita na hawana mzaha. Papa tayari ameshaanza kutafuta pontuni iliyotumika, ananitumia picha usiku wa manane, zote zimechakaa, na mama watoto amesema akiinunua yeye atapanda, ila kambi ijayo ni ya juu ya bwawa.